Daktari si Mshenga

Niliacha shule darasa la nne. Vyumba ninavyopangisha pale Kashai, Bukoba mjini, nimevijenga kwa kahawa na kwa mgongo wangu, kwa hiyo hanifundishi kusema kaka yangu anayekalia kibanja cha urithi, shamba la migomba la baba.

Binti yangu wa mwisho alirudi likizo kwetu Muleba kutoka chuo cha ualimu, akawa hagusi chakula mpaka mama yake aonje kwanza. Alisema redio ya dukani inamsema. Kisha akaniambia, "Baba, najua haiwezekani. Lakini nasikia."

Hiyo "najua" ndiyo iliyonikimbiza hospitali, Bukoba. Shangazi yetu, dada wa baba, hakuwahi kuisema. Yeye alifungwa kamba kwenye nguzo ya jiko mpaka akafa, na sisi watoto tukaambiwa ni malaria.

Kaka yangu alifuatana nasi, maana ndiye mkubwa wa ukoo, na kwetu jambo zito haliendi bila mkubwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alituonyesha picha za ubongo. Alisema sehemu zake huwasiliana kwa nyuzi, na kwa watu wanaonyemelewa na ugonjwa huu wa akili, watafiti wameona mahali pengine mawasiliano yamelegea na tabaka la juu limekuwa jembamba kidogo.

"Lakini hayo huonekana ukilinganisha watu wengi," akasema. "Picha haiwezi kuniambia kama huyu ataugua. Nategemea maelezo yenu. Kwenye ukoo yuko aliyewahi kuugua akili?"

"Hakuna," kaka akajibu haraka. "Sisi ni ukoo safi. Uliza kijiji kizima."

Nikajua anaongea na nani. Kwetu, kabla ya posa, upande wa mwanamume hutuma mtu kuchunguza: kwao kuna kifafa? Kuna kichaa? Na kila ukoo umejifunza kujibu. Kaka alimjibu daktari kama anavyomjibu mshenga.

"Yuko," nikasema. "Shangazi yetu. Kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji."

Akanigeukia kwa Kihaya: nichunge mdomo, binti yake anaposwa Kashozi. Nikamjibu kwa Kiswahili ili daktari asikie: "Na huyu wangu ni mbuzi?"

Daktari aliandika, hakuingia kwenye ugomvi wetu. Alitaka binti aje kliniki kila mwezi, alale vizuri, asiguse pombe wala bangi, nasi tuache kumbishia. Dawa, ikibidi tu. Alisema tumewahi. Kaka alikuwa ameshatoka nje.

Posa ya Kashozi ilivunjika. Nani alipeleka habari sijui, lakini kaka anamjua: ni mimi. "Umemzika mwanangu akiwa hai," aliniambia mbele ya watu, yeye aliyemwona shangazi kwenye kamba akanyamaza.

Mwaka huu binti huyo wa kaka amepata mchumba mwingine. Sikuitwa kwenye sherehe. Kibanja cha kaka na changu vimepakana. Siku hiyo pombe yao ya ndizi niliinusa tangu asubuhi. Binti yangu alikuwa ananisaidia kumenya ndizi. Akasimamisha kisu.

"Baba, hizo nyimbo unazisikia na wewe?"

"Nazisikia. Ni kwa baba yako mkubwa."

Akashusha pumzi. Akamenya nyingine.

"Hawakutuita kwa sababu yangu? Wananiogopa?"

Mke wangu alinikazia macho nidanganye.

"Ndiyo," nikamwambia. "Menya, maji yanachemka."