Viota Vilivyopakwa Vanishi

Mtaani wanamwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Ulimi wake nao unachoma. Ukimpelekea kitambaa kibovu atakwambia ni kibovu, ukitaka gauni lisilokufaa atakwambia halikufai, na utaondoka umenuna. Lakini utarudi, maana gauni litokalo pale linakukaa sawasawa. Mimi mwanamke huyu namvulia kofia, na nasema mapema ili tusije kubishana. Ila nitakayosimulia ni ya siku ulimi huo ulipoingia baridi.

Mumewe ni seremala. Watu wote humwita Fundi, hata mkewe. Makabati yake yamejaa katika nyumba za watu, milango yake inafungwa kimya kimya kama imepakwa mafuta. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Mzee wa watu akakaa kwenye kiti sebuleni, akawa anatazama ukuta. Karakana nyuma ya nyumba ikafungwa, buibui wakahamia.

Kuku ndio waliomwinua. Kuku wa Mama Sindano hawakuwa na adabu hata ya kusingiziwa: walitaga popote. Kwenye kapu la vipande vya nguo chini ya cherehani, nyuma ya pipa la maji, na mmoja akataga ndani ya kiatu cha Fundi. Fundi akaingiza mguu. Akacheka, mara ya kwanza tangu augue, akavua soksi na kusema, "Hawa wanahitaji viota vya maana. Nifungulie karakana."

Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Misumari ilipinda, akaing'oa, akapigilia mingine. Mama Sindano alikaa kwenye cherehani akijifanya anashona, kumbe ametega sikio kwenye nyundo. Fundi alipomaliza, viota vilikuwa vinang'aa. Vimepigwa randa, vimepigwa msasa ndani na nje, vimepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Dada yake Fundi alikuja kuviona, akasifu mpaka sauti ikamkauka.

Kuku wakavitazama, wakaenda zao kapuni.

Mama Sindano hakukata tamaa upesi. Aliziba kapu kwa ubao. Aliweka nyasi kavu ndani ya viota. Aliweka yai moja humo, kuku waone kwamba mwenzao keshatangulia. Alishona hata vipazia vya kuzuia mwanga. Halafu akavuta kigoda, akakaa kumvizia kuku mkubwa waliyempa jina la Mwenyekiti, maana wenzake hawafanyi jambo mpaka yeye afanye. Mwenyekiti akaingia, miguu ikateleza, akakalia makalio, nyasi zote zikamwagika nje kwa kuwa hapakuwa na ukingo wa kuzizuia. Akatoka amefura, hakurudi tena. Mama Sindano akaingiza kichwa mle ndani. Harufu ya vanishi ikamkaba koo.

Hapo akaelewa. Mume wangu, alijisemea, kawatengenezea kuku kabati la sebuleni.

Siku nyingine zote angetoka pale pale na kumwambia. Safari hii alikwenda kwa wifi yake kwanza, na wifi akamshika mkono. "Usithubutu, wifi. Mgonjwa anasifiwa. Ukimvunja moyo sasa, atarudi kwenye kile kiti, na safari hii hatainuka."

Maneno yale yakamwingia. Basi mwanamke asiyejua kudanganya akaanza kudanganya. Asubuhi aliokota mayai nyuma ya pipa, akayapanga kwenye viota, kisha akamwita mumewe aje kuyachukua, huku akimsifu. Fundi alikuja na mkongojo wake, akayatia kwenye bakuli moja moja. Mkewe alisimama mlangoni, roho inamuuma.

Ingeishia hapo kama si mwoka mikate wa nyumba ya pili. Huyu naye anafuga, na mayai anayahitaji kwa maandazi yake. Aliona viota, akaona mayai, akamwambia Fundi amtengenezee kama vile vile, visizidi wala visipungue. Fundi alirudi ndani amenyooka mgongo. Alipokuwa anatafuta penseli, Mama Sindano alikuwa anaona yatakayofuata: kuku wa mwoka mikate watagoma, mtaa mzima utajua, na mumewe atajua kwa midomo ya watu. Akaweka mkasi chini.

"Fundi, usikate mbao kwanza. Vile viota vina kasoro."

Fundi akageuka. "Kasoro gani?"

"Sakafu inateleza. Havina ukingo, nyasi zinamwagika. Na vanishi inanuka. Kuku hawajataga humo hata siku moja, mayai nilikuwa nayaweka mimi. Umekosea, mume wangu. Umefanya kazi nzuri ya kitu kingine."

Fundi alichukua mkongojo, akatoka uani, akainama kwa taabu na kuingiza mkono wa kushoto kwenye kiota. Akapapasa sakafu. Akanusa vidole. Mama Sindano alibaki nyuma yake anaomba Mungu kimoyomoyo, amejiona muuaji.

"Tangu niugue," Fundi akasema bila kugeuka, "nikinyanyua kikombe napigiwa makofi. Dada yangu alinisifu kwa kufunga kifungo. Kifungo, mama. Nikajua basi, mimi si fundi tena, maana fundi hasifiwi kwa kifungo. Hata wewe ukaanza kunisifu. Wewe." Akajifuta uso kwa bega. "Hebu rudia ulichosema."

"Nini?"

"Kwamba nimekosea."

"Umekosea, Fundi," akasema, na machozi yakamtoka.

"Haya. Niletee msasa ule wa kukwaruza, na ubao wa ukingo."

Alikwangua vanishi yote, kazi ya siku kadhaa kwa mkono mmoja, akaacha mbao wazi na chafuchafu. Akapigilia ukingo, akavigeuzia viota upande wa kivuli. Mwenyekiti aliingia asubuhi moja, akajizungusha, akakaa. Alipotoka akitangaza kwa kelele zake, yai lilikuwepo, la moto. Wenzake wakapanga foleni.

Kisha Fundi akatengeneza vya mwoka mikate. Alipomaliza akamwita mkewe karakanani, akavisimamisha mbele yake. Mama Sindano akafungua kinywa.

"Usisifu," Fundi akasema. "Kagua."

Mkewe akavaa miwani, akainama, akapitisha kidole pembeni, akachukua muda wake. "Ukingo wa hiki umepanda upande mmoja."

"Wapi?"

"Hapa. Una macho lakini huoni?"

Fundi akautazama, akaguna, na uso wote ukamchangamka. Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua randa.