Siku Wazee wa Kajiado Walipokuja Kumfuta Mchekeshaji

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata sasa lazima niweke kikombe chini kwanza, ama chai itanitokea puani. Nakuandikia habari yake kwa sababu ya lile swali lako la Jumapili. Uko na ukumbi wako hapo Kitengela, umempa mchekeshaji nafasi, mabango yamebandikwa, na sasa simu yako imejaa watu wanaosema ametukana, mfute. Ukaniuliza, "Shangazi, nifanye nini?" Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya sheria siyajui, na inawezekana nikakupoteza. Lakini kazi ya ukumbi naijua kidogo, maana nilishika funguo za ukumbi kabla wewe hujazaliwa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa hapo hapo Kitengela, juu ya duka la Bwana Hassan. Chini aliuza unga na mablanketi, na siku za soko alinunua mbuzi kutoka kwa wazee wetu. Juu kulikuwa na harusi na harambee, na Jumamosi jioni vijana wa kuchekesha. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga viti vya plastiki, na kukumbuka nani anakuja lini.

Katika hao vijana kulikuwa na mmoja mwembamba anaitwa Sankale, mtu wa Rombo, mbali kule mpakani. Kichekesho chake kilichovuma kilikuwa hiki: anajifunga shuka, anakohoa kama mzee, halafu anabariki watu. Unajua wazee wetu wakibariki, mzee anataja jambo moja moja, na sisi wote tunaitikia "Naai," tunamwomba Mungu apokee. Sasa Sankale alikuwa anatoa baraka za ajabu ajabu, na ukumbi mzima unaitikia huku umeshika mbavu.

Habari ikafika Kajiado. Ijumaa asubuhi, kesho yake Sankale akiwa na onyesho lake kubwa, nikasikia viatu vya tairi vinapanda ngazi. Alikuwa Mzee Parsaloi, baba yangu mdogo, na wazee wenzake wawili, kila mtu na rungu yake. Niliinamisha kichwa ili anisalimie kama adabu yetu ilivyo, naye akaniwekea mkono utosini. Lakini alikuwa na hasira mpaka akasahau kuuondoa.

"Yuko wapi huyo Hassan?" akauliza, mkono uko pale pale.

"Anakuja, baba," nikajibu nikiwa nimeinama, naongea na vidole vyake vya miguu.

Hassan alipopanda na kuagiza chai, Mzee alisema hawakuja kunywa chai. Chai ilipoletwa waliinywa, na wakaongezewa. Hilo lazima niliseme ili habari iwe kamili. Mkono ulipohitajika kushika kikombe, ndipo na mimi nikapata kichwa changu.

"Huyo kijana anachezea baraka," akasema Mzee Parsaloi. "Mimi nikisimama kubariki bibi harusi, watu watanisikia mimi, ama watamkumbuka yeye? Mfute. Usipomfuta, harusi zetu tutazipeleka kwingine, na mbuzi pia."

Mwanangu, aliongea maana. Mimi mwenyewe nilibarikiwa na mzee huyo huyo siku ya kuolewa, na maneno yake yalinishikilia miaka mibaya ya ukame. Kitu kama hicho kikichekwa kila Jumamosi, labda kinachakaa. Lakini Jumamosi iliyopita mimi nilikuwa nimecheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Sasa mtu kama mimi asimame upande gani? Sikujua. Nilisimama na ufagio wangu.

"Alisema nini hasa, mzee?" Hassan akauliza.

"Mambo mabaya."

"Ulimsikia?"

"Niliambiwa na Ole Nkuito hapa."

Ole Nkuito akajikuna. "Mimi niliambiwa na mtoto wa dada yangu. Ati anasema tukiuza ng'ombe, wake zetu nyumbani wasi..." Hakumaliza. Akaanza kukohoa, akisema chai imepita njia mbaya, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza. Mzee Parsaloi akamwangalia kwa jicho kali mpaka akapona.

Hassan aliogopa. Simlaumu, maana mbuzi ndio walikuwa maisha yake. Akakubali kumfuta, akaniambia nimwite Sankale, na kijana akaja mbio, bado akitabasamu, mpaka nilipomwambia onyesho limefutwa.

"Aki, Mama Naserian, usinifanyie hivyo. Mathe, mama yangu, ako njiani. Ametoka Rombo alfajiri na kibuyu cha maziwa." Akamgeukia Hassan. "Yeye anajua huku mimi ni mkora tu, nazurura. Kesho ndio angeona kazi yangu na macho yake. Sasa nimwambie nini? Arudi na maziwa?"

Wazee waliangalia vikombe vyao. Hassan akashika ndevu zake za hina.

"Mzee Parsaloi," akasema, "ukiniletea mbuzi sokoni, kitu cha kwanza mimi hufanya nini?"

"Unamfungua mdomo. Unaangalia meno."

"Hata mbuzi wako wewe, na vile tumejuana?"

"Hata wangu. Na huwa inaniudhi."

"Basi na huyu tumfungue mdomo. Meno yakiwa mabaya, nitamrudisha mimi mwenyewe, kesho usimwone."

Tukapanga viti vitatu mbele. Mwanangu, usiombe uchekeshe wazee watatu saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, na rungu ziko magotini. Sankale alisimama pale jukwaani, nikadhani atalia. Halafu akavuta kitambaa cha meza ya harusi, akajifunga begani, akakohoa.

"Mifugo yenu iongezeke!"

"Naai," wazee wakaitikia. Hawakukusudia. Mtu aliyezaliwa kwetu hawezi kuacha baraka inaning'inia hewani bila kuitikiwa, hata akiwa amekasirika.

"Mvua inyeshe kutoka Entarara mpaka Kitengela!"

"Naai."

"Na mkiuza ng'ombe, mama nyumbani asijue bei!"

"NAAI!" Hiyo waliitoa tumboni. Ole Nkuito aliinua na rungu.

Mzee Parsaloi alibaki mdomo wazi kama mtu aliyemeza nzi. Nikaona mashavu yanamtetemeka, anajizuia, anajizuia, halafu akashindwa. Baba yangu mdogo ambaye sikuwahi kuona magego yake, siku hiyo niliyaona yote.

Sasa kijana akilewa vicheko hajui kushuka. Sankale akaongeza kingine, cha yule mwanaume wa mguu mbovu aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha hapo chini ya duka. Akaiga vile anatembea. Hakuna aliyecheka. Mlangoni kukatoka sauti ya mwanamke.

"Sankale! Huyo wa mguu, ukumbi wake uko wapi, ili na yeye akujibu?"

Alikuwa mama yake, kibuyu begani, vumbi la Rombo mpaka kwa nyusi. Kijana akavua kitambaa cha watu haraka sana.

"Pole, mathe."

"Pole mpelekee yeye, hapo chini." Alipopita, mama akamshika shati. "Ile ya ng'ombe nimeisikia nikiwa kwa ngazi. Hata baba yako angeitikia."

Sankale alishuka, nikamwona kwa dirisha ameinama mbele ya ndoo ya mayai. Alirudi anatafuna yai. Sijui kama alilinunua au alipewa.

Mzee Parsaloi akasimama. "Hassan, mwache. Lakini akimaliza baraka zake za uongo, mzee wa kweli apande afunge kwa baraka ya kweli."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumamosi, na mama akakaa mbele, akicheka na kulia pamoja. Lakini nisikudanganye kwamba wote waliridhika. Yule mzee wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno, alikataa kurudi, na harusi ya binti yake akaipeleka kwingine. Alikuwa na haki yake. Hassan alimtumia blanketi la harusi na hakumnunia.

Na Mzee Parsaloi, wiki iliyofuata aliuza ng'ombe, akafika nyumbani, akakuta mama mdogo anajua bei mpaka shilingi ya mwisho. Akaniambia, "Kumbe yule kijana ni mzaha tu, baraka zake hazishiki." Alisema kwa huzuni kidogo.

Basi mwanangu, shauri langu ni hili, na ukiona nimekosea uniambie. Usimfute mtu kwa maneno yaliyopita midomo mitatu kabla ya kukufikia. Msikie wewe, na anayelalamika mwite asikie pia, na umpe chai hata akikataa. Mchekeshaji akimcheka mkubwa mwenye rungu, mkubwa ana mdomo wa kujibu. Akimcheka asiye na mahali pa kujibia, mwambie ukweli usoni, na asiposikia, hapo mrudishe bila kuogopa. Ukimrudisha, fanya hivyo mapema, kabla mama yake hajapanda gari. Na anayetaka kutoka katikati ya onyesho, mfungulie mlango kwa heshima, maana kesho atakuwa na harusi.

Haya, inamisha kichwa. Mkono wangu nitakumbuka kuuondoa. Ukumbi wako ujae. Wanaokasirika wakasirike wakiwa wamelipia kiti. Wanaocheka wasimwache mtu akilia nje. Na simu yako ipumzike.

Itikia, mwanangu. Kwa sauti, niisikie huku Kajiado.