Haikuwa koili, mama

Saa mbili asubuhi, Chang'ombe, Dodoma. Halfani, dereva wa bodaboda kutoka Ipagala, anaisukuma pikipiki yake hadi kwenye kibanda cha fundi huku jasho likimtoka. Anasema imegoma kuwaka tangu alfajiri. Amepiga kiki mpaka goti linamuuma.

Yotham Mhembano (46) hafungui boksi la vifaa. Hata salamu hazijaisha, kidole gumba chake kimeshafika upande wa kulia wa usukani, kwenye swichi nyekundu ya kuzimia injini. Anaizima, anaiwasha, ndipo anaitikia.

"Hii iko sawa. Sasa tutafute," anasema.

Anachukua taa yake ndogo ya kupimia umeme na kufuata njia yake taratibu: betri, fyuzi, swichi ya funguo. Chini ya tangi, pale waya zinapojikunja kila usukani unapokatwa, anakuta mmoja umekatikia ndani ya ganda lake. Anauunga. Halfani anapiga kiki moja, pikipiki inawaka.

Wateja humwita Fundi Gumba, naye hucheka nao. Tatizo likiwa ile swichi tu, hachukui hata senti. Wanadhani ni ukarimu. Sababu yenyewe hakumwambia mtu kwa miaka tisa.

Mwaka 2017, msimu wa kuvuna mpunga, mkewe Anyesi alikuwa kwa mama yake huko Bahi akisubiri kujifungua. Yotham alimfuata kwa pikipiki.

"Alitoka nje kunipokea, anatembea kwa shida, anacheka," anakumbuka. "Siku zote nazima kwa funguo. Siku ile nilizima kwa gumba ili nimuwahi."

Kesho yake alasiri uchungu ukaanza, na pikipiki haikuwaka. Yotham, fundi wa kutegemewa mjini, alichomoa plagi akakuta haitoi cheche. Akavua tangi. Akafungua koili, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi, akaisugua, akaifunga, akaifungua tena. Alipita kila mahali isipokuwa kwenye ile swichi, maana aliona hayo ni makosa ya wanaojifunza kuendesha.

Anyesi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Mara tatu alimuuliza mumewe kama bado, na mara tatu alijibiwa bado kidogo.

Jua lilipokaribia kuzama, majirani walimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali. Alifariki njiani, mtoto akiwa tumboni.

Siku tatu baada ya mazishi, Yotham aliirudishia pikipiki vipande vyake. Alipomaliza ndipo akaiona swichi nyekundu, imezimwa vilevile alivyoizima yeye. Akaiwasha. Pikipiki ikaitika kwa kiki moja.

Mama mkwe wake, Paulina, alitoka ndani aliposikia mlio. Akauliza ilikuwa na nini.

"Nikasema koili, mama," anasimulia Yotham.

Tangu siku hiyo Paulina amekuwa akiwaeleza watu kwamba mwanawe aliuawa na koili. Alimfariji mkwe wake kuliko alivyofarijiwa yeye mwenyewe, akawa anamwita mwanangu. Lea, binti pekee wa Yotham, wakati huo akiwa na miaka saba, alibaki kwa bibi yake na yuko huko hadi leo.

"Hao wawili ndio watu wangu," anasema. "Nilijua siku nikisema, nawapoteza wote."

Aliposimulia haya kwa mara ya kwanza aliomba yasichapishwe mpaka aende Bahi. Haikuwa haki, alisema, mama yule ayasome gazetini. Jumapili iliyopita alikwenda.

Alimkuta Paulina anapepeta mchele uani. Alimwamkia, akakaa chini, akasema yote bila kupumzika. Bibi hakulia wala hakufoka. Aliweka ungo chini, akaiendea pikipiki aliyokuja nayo Yotham na kutaka aonyeshwe.

"Kidude hiki tu?" aliuliza.

"Hicho tu, mama."

Paulina aliibonyeza swichi, akairudisha, akaibonyeza tena. Kisha akamwambia asimsemeshe, aende zake. Yotham aliondoka hata maji hajanywa.

Siku nne nzima simu yake haikuita. Kibandani, waliomtania hakucheka nao. Ijumaa, akiwa ameshika betri ya mteja, Lea alimpigia.

Alimwambia baba yake kwamba bibi hali chakula vizuri, na usiku anamsikia akilia. Lakini asubuhi hiyo bibi alikwenda kwenye kijiwe cha bodaboda, akamuuliza kila kijana kama anajua kazi ya swichi nyekundu. Wengine walicheka. Akawaambia Jumapili wakae hapo hapo, kuna fundi atakuja kuwafundisha pa kuanzia pikipiki isipowaka.

Yotham anasema atakwenda Jumapili hiyo, na kila mwisho wa mwezi akiruhusiwa. Alimuuliza Lea jambo moja tu kabla ya kukata simu: huyo fundi, bibi alimtaja kwa jina gani?

"Hakutaja jina," Lea alijibu. "Alisema, mwanangu anakuja."