Mimi Njo wa Tano

Mujukuu wangu akitoa maharagi mabichi ndani ya maganda, ile harufu inanirudisha kwa mafiga ya mama.

Nilikuwa nimesoma mwaka moja tu kwa misioni. Tulijifunzaka kuhesabu na maharagi. Mama akaniambia: «Kile unaleta kutoka masomo, gawia wadogo wako. Usikikalie.» Basi nikawaketisha wadogo wangu, nikawapangia maharagi chini. Wa mwisho hakushika kitu, alikuwa anayatafuna tu. Nikaacha maharagi, nikaonyesha vichwa vyetu na kidole: moja, mbili, tatu, ine, tano.

Mama aliingia na kuni, akazitupa chini.

«Funga kinywa! Watoto ya muntu haihesabiwe! Unaonyesha kifo njia ya nyumba yangu?»

Lakini yule mudogo alikuwa amesikia. Siku muzima alipita mulangoni, akiingia na kutoka, akipiga kelele: «Mimi njo wa tano!»

Maharagi ya musimu ule hayakukauka bado shambani, tukamuzika yule mudogo nyuma ya migomba. Padri alisema iko ugonjwa wa kifua tu. Pengine. Mama hakunigombeza. Hakuniuliza tena kitu cha masomo, na mimi sikurudi kule.

Leo mujukuu amepanga maharagi yake karibu na daftari.

«Koko, kwenu mulizaliwaka wangapi?»

«Hesabu maharagi. Watu, acha.»

Akaanza: moja, mbili, tatu, ine. Mbele ya yeye kutaja tano, niligeuka kuangalia mulango.