Shemeji na Chama cha Pasi

Shemeji yangu, mke wa kaka, ana miaka kumi na tisa akiandika katika gazeti letu la wiki. Mimi niko chumba cha nyuma, nakata karatasi kwa mashine. Mjini wanamwita Mama Zamani, na jina halimkeri. Husema bora zamani yenye adabu kuliko leo isiyo na haya.

Safu yake inaitwa Tulivyolelewa. Alianza na mambo madogo: watoto wasiosalimia, maofisa wanaofungua dirisha saa nne badala ya saa mbili, mitaa inayobadilishwa majina kila akija diwani mpya. Aliandika kama anavyosema jikoni, akichokoza huku akicheka. Barua zikamiminika. Wasomaji wakaanza kukutana katika ukumbi wa mafundi cherehani, na mwaka haukuisha wakawa wameunda chama. Walitaka jambo moja tu, kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Wapinzani wakawabandika jina la Chama cha Pasi, kwa jinsi walivyonyoosha kola zao. Shemeji aliipenda dhihaka ile, akaichapa, na wenyewe wakachora pasi kwenye bendera.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyetufundisha shule ya msingi, mimi na Shemeji. Kila mkutano alisema watu wasiojua foleni hawajui haki, na ukumbi ulipiga makofi.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi wa madiwani, Mwalimu alikwenda zahanati kupima presha. Aliwapita watu thelathini waliokaa kwenye mabenchi, akafungua mlango, akaingia kwa daktari. Shemeji alikuwa wa kumi na mbili kwenye benchi, kadi mkononi.

Alirudi ofisini akaandika aliyoyaona. Kawaida yake hunisomea makala kabla haijachapwa, kwani anasema nikielewa mimi, mji mzima umeelewa. Siku ile alisoma bila kucheka, kisha akakaa juu ya marobota ya karatasi. Alisema akiichapa, chama alichokilea kwa kalamu yake kitaanguka, na mzee aliyemshika mkono akiandika herufi ya kwanza hatamsamehe. Asipoichapa, basi miaka yote ile alikuwa anapiga kelele tu.

"Umeielewa?" akaniuliza.

"Nimeielewa, Shemeji."

"Unasemaje sasa?"

Sina mazoea ya kutoa ushauri. Nilimwambia tu kwamba aliyeruka foleni angekuwa diwani wa wapinzani, makala ingekuwa imeshachapwa tangu jana.

"Una mdomo mdogo lakini unauma," akasema. "Haya, kata karatasi."

Ijumaa asubuhi Mwalimu aliingia, gazeti amelikunja kama fimbo. Nilijikuta nimesimama wima kando ya mashine, mikono nyuma. Mhariri alikumbuka ghafla kwamba hajanywa chai, akatoka. Mwalimu akamwuliza Shemeji tangu lini mtoto anamfulia baba yake nguo za ndani barabarani.

"Shikamoo, Mwalimu," Shemeji akaanza, na mzee ikambidi aitikie. "Shuleni aliyekosea alisimama mbele ya darasa. Hukutuambia kama walimu wamesamehewa."

Akamsogezea kiti, karatasi na kalamu. Akamwambia ana nafasi ya maneno mia moja, ukurasa uleule, wiki ijayo. Mwalimu alikaa. Aliandika, akafuta, akatupa, akaomba karatasi nyingine. Nilimkatia saba. Kufika adhuhuri alikuwa na mistari miwili: "Niliruka foleni. Sikuwa na haraka wala sikuzidiwa, nilizoea tu kupishwa. Mniwie radhi." Shemeji, ambaye hata hotuba ya mkuu wa mji huikatakata, hakugusa neno.

Gazeti la wiki iliyofuata liliisha kabla ya saa nne. Wapinzani walikuwa wameshaagiza vipeperushi vya kashfa ile kwetu hapohapo, wakaja kufuta agizo, kwa sababu kumcheka mtu aliyekwisha kujicheka ni kupiga maji ngumi. Chama cha Pasi kilipata viti sita kati ya tisa. Vijana wawili walioapa hawatakipigia kura walikiri kwa kinyozi kwamba mzee aliwamaliza na mistari yake miwili.

Siku ya kikao cha kwanza cha madiwani wapya Mwalimu alipiga simu ofisini. Kwa sauti ya upole sana alitaka kujua Shemeji ataandika nini juu yao wiki ijayo. Shemeji akamjibu anunue gazeti kama watu wengine.