Mikono Ilihesabiwa na Shemeji

Mwaka 2017, redio zote za Johannesburg zilikuwa zinalia kuhusu wafanyabiashara waliowatia mawaziri mfukoni. Sisi wahamiaji wa mtaa wa Yeoville tuliwaona wenyeji waliokuwa wakishangaa kuwa washamba tu. Chama chetu cha kuzikana kilikuwa mfukoni mwa ukoo mmoja siku nyingi. Mwenyekiti alikuwa muuza vitenge wa jumla kule mjini, katibu alikuwa shemeji yake, na mweka hazina alikuwa shemeji wa shemeji.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika kwenye saluni ya mama mmoja wa Lubumbashi. Mwenyekiti, badala ya kuomba kura, akatupa somo la historia. Alisema zamani Marekani, enzi za ukoloni wa Mwingereza, kulikuwa na familia moja ya wafanyabiashara wenye meli. Baba alikaa kwenye baraza la gavana, mtoto akawa jaji, mkwe akashika forodha.

"Mambo yalikwenda sharp," alisema, akitutazama kama mali yake ya dukani. "Ukoo mmoja, kauli moja."

Mwenye saluni, ambaye hajawahi kunong'ona maishani, akauliza: "Papa prezida, na ile familia iliishia wapi?"

"Watu walipodai uhuru, ilipanda meli zake salama, ikahamia London," mwenyekiti akajibu kwa fahari.

"Basi wewe uko na shida, papa. Johannesburg hakuna bahari."

Eish, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ikahesabiwa na shemeji.