Ukurasa Niliouruka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomtia baba yangu mzazi mdomoni mwa simba kwa maneno machache ya Kifaransa safi. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Nilimwona akitoka na jembe." Kwa miaka mingi nimekana kuwa niliyasema. Ndugu zangu wanaamini hadi leo kwamba ni mpishi aliyesema, na mpishi, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kwamba katika ukoo wetu anatajwa kwenye kila matanga kama msaliti. Leo namtua mzigo huo. Ni mimi.

Sijafika umri wa kutoa nasaha. Nywele zangu bado ni nyeusi, ingawa kwa msaada wa dukani, na wanafunzi wangu wa chuo kikuu kule Kasapa huniita mama, si nyanya. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na kusoma kwingi ni kukosea mengi. Nimefanya yote mawili, basi nivumilie.

Mji wetu siku hizo ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Sisi tulikaa Kenya, si nchi bali mtaa wa watu weusi, na kila asubuhi Baba alivuka kwa baiskeli ule uwanda mtupu uliotenganisha makazi yetu na mji wa Wazungu, akaenda kutunza bustani ya Bwana Nissim. Huyu alikuwa mzee wa Kiyahudi, mjane, mwenye duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini alikisema bila kumpigia mtu kelele, na hilo halikuwa jambo dogo. Macho yake yalipoingiwa na mtoto wa jicho, alisikia kwamba mtunza bustani wake ana binti aliyefundishwa na masista Kifaransa na kudarizi. Akaniita nimsomee kila siku baada ya chakula cha mchana.

Kabati lake la vitabu lilikuwa na rafu tatu. Ya juu ilikuwa ya wahenga wa Kiyahudi wa zamani sana: waliotunga sheria, na wale wa Aleksandria waliosema Kigiriki na kuichambua Torati kama mtu anayechambua mchele, punje kwa punje. Ya kati ilikuwa ya marehemu mkewe, vitabu vya mapambo: kudarizi, kufuma, kunakshi, vyenye picha za rangi. Ya chini ilikuwa ya riwaya za upelelezi, majalada yamechanika kwa kupendwa. Tulianza juu kila siku. Mimi nikianza kupiga miayo, Bwana Nissim alicheka na kusema, "Haya, sasa tuue muntu." Nami nilishuka rafu ya chini mbio.

Nilizipenda riwaya zile kuliko bukari, ugali wetu. Nilijifunza kuangalia viatu vya watu, kunusa makoti, kuhesabu visu jikoni. Vitabu vya rafu ya juu nilivisoma kama mtu anayeruka madimbwi ya Januari: ukurasa huu naukanyaga, ule naupita. Nilidhani mzee asiyeona hawezi kujua. Asiyejua maana haambiwi maana, nami nilijiona najua.

Sasa kulikuwa na kifuniko kimoja. Kilikuwa cha mahameli ya buluu, kimedariziwa makomamanga kwa zari, na marehemu mke wa Bwana Nissim alikishona kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya kuvika gombo la Torati kule sinagogi. Kilipochakaa walikirudisha nyumbani, na mzee akanipa nikitengeneze. Nilikigeuza nikatazama upande wa nyuma, kwa maana fundi wa kudarizi hutazama nyuma kwanza. Mbele makomamanga yalikuwa bado yanang'aa, lakini nyuma kitambaa kilikuwa kama utando wa buibui. Kila nilipochoma sindano, tundu liligeuka mpasuko.

"Bwana," nikamwambia, "hii imekufa. Haishiki sindano tena."

Akakipapasa kwa vidole muda mrefu. "Sawa," akasema. Mimi nikarudi kwenye riwaya, maana kulikuwa na maiti maktabani na sikutaka ingoje. Nikasahau.

Haukupita muda, asubuhi moja nilipofika mapema, nikamwona Baba akitoka kwa mlango mdogo wa nyuma ya bustani. Jembe begani, furushi la shuka nyeupe kwapani, akaelekea upande wa makaburini. Hakuniona. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu na macho yake yalikuwa mekundu vilevile. Nikaweka akiba kichwani: jembe, furushi, udongo, macho. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo nilivyojiambia. Sikujua bado kwamba kuna mawingu yanayopita tu.

Juma lililofuata Bwana Nissim akaenda Salisbury kwa Waingereza kufanyiwa upasuaji wa macho, na mpwa wake, Bwana Albert, akaja kutoka Jadotville kushika duka na nyumba. Bwana Albert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa mahesabu, mwenye mchumba, na alitaka kumwonyesha mchumba huyo kile kifuniko cha zari, ambacho tangu utoto aliambiwa ni dhahabu tupu. Akafungua kabati, hakukikuta. Na kwenye rafu ya juu kulikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Akatuita sote ukumbini: Baba, mpishi, na mimi.

"Tulizika, Bwana," Baba akasema, kofia mkononi. "Ile kitambaa na bitabu ya zamani. Bwana mukubwa mwenyewe alikuwa pale."

"Mlizika vitabu."

"Ndiyo, Bwana. Bilikufa."

Bwana Albert akamtazama mpishi kana kwamba anauliza kama Baba ana homa. Mpishi akatazama dari.

"Vizuri. Chukua jembe, twende ukanionyeshe."

"Hapana, Bwana," Baba akasema, polepole. "Kaburi haifukuliwake. Kwetu, muntu anafukua kaburi iko mulozi."

"Ni kaburi la vitabu!"

"Iko kaburi."

Mwanangu, ungemjua baba yangu ungejua kwamba hapo mazungumzo yameisha. Angekubali jela kuliko kuitwa mchawi. Na Bwana Albert, kwa upande wake, aliona tu mtu anayekataa kuonyesha shimo kwa sababu hakuna shimo. Ndipo akanigeukia mimi, msomaji wa nyumba, na kuniuliza kwa Kifaransa kama niliona chochote.

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aniulize niliona nini. Sentensi ikatoka yenyewe, imenyooka, vitenzi vyote mahali pake. Masista wangejivunia.

"Jumatatu naita polisi," Bwana Albert akasema.

Unajua polisi walimaanisha nini siku zile. Baba angefungwa. Angepoteza kazi, na asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini. Tungepakiwa kwenye treni turudishwe Kasai, kwao Baba, ambako mimi hata sikuzaliwa. Jioni ile bukari ilikaa katikati yetu ikapoa. Mama hakuwa amejua bado ni nani aliyesema. Baba alijua, na hakumwambia. Afadhali angenigombeza. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mche alioupanda ukatoka jani asilolijua.

"Baba," nikasema, "kwa nini hukutafuta jibu lingine?" Maana kwa kweli, uongo wa ovyo namna ile ningeukataa hata katika riwaya ya bei rahisi.

"Jibu lingine ya nini?" akauliza. "Mutoto, weye njo unasomaka. Haujue kama bitabu nayo inakufaka?"

Akaenda kulala. Mimi nikabaki na swali lake. Katika riwaya zangu zote, mtunza bustani hushukiwa tangu mwanzo na mwisho huonekana hana hatia. Nusu ya kwanza niliikumbuka, ya pili niliisahau. Na kuna jambo lingine mpelelezi hufanya akikwama: hurudi alikopita haraka. Mimi nilijua vizuri sana nilikopita haraka.

Kesho yake nilipanda kiti nikavishusha vile vya rafu ya juu vilivyobaki, nikasoma kurasa nilizoziruka. Zilikuwa nyingi, nisikufiche. Kwanza nikakutana na mhenga mmoja wa Aleksandria akieleza pazia za hema takatifu la Waisraeli katika jangwa, na nyuzi zake nne: kitani ni ardhi iliyokiotesha, zambarau ni bahari, buluu ni hewa, nyekundu ni moto. Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimedarizi tangu utotoni, kuku na maua ya masista, bila kujua kwamba mtu aliwahi kuuona ulimwengu mzima katika nyuzi. Nilikaribia kusahau nilichokuja kutafuta.

Halafu nikakipata, katika kitabu cha pili, kwenye ukurasa ambao bado ulikuwa na alama ya kidole changu cha mafuta pale nilipougeuza bila kuusoma. Wazee wa kale walifundisha kwamba maandiko matakatifu yakichakaa hayachomwi wala hayatupwi. Yanalazwa ardhini kama mtu, kando ya mtu mwenye elimu. Na nguo iliyoyavika huheshimiwa pamoja nayo.

Nikakimbia dukani na kitabu kifuani. Bwana Albert akausoma ukurasa akiwa amesimama, kidole juu ya mstari. Masikio yake yakageuka rangi. Alikuwa Myahudi, na hakulijua jambo hilo; alisoma mahesabu. Sikumcheka, maana mimi nilikuwa binti wa baba yangu na sikumjua.

"Hii haithibitishi kitu," akasema hatimaye. "Inasema tu kwamba watu huzika vitabu."

"Basi mpigie Bwana simu."

"Daktari amekataza asisumbuliwe."

"Akirudi na macho mapya akute nyumba haina mtunza bustani, hatasumbuka?"

Akakifunga kitabu, akanirudishia. Kisha akaenda kuomba laini ya Salisbury, na tukaambiwa tungoje.

Nami nawe, mwanangu, tungoje kidogo, maana wazee hutoa nasaha wakati msikilizaji hawezi kuondoka.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mimi nilitaka kupika maisha yangu juu ya jiwe moja, na tena lile lililonichekesha zaidi. Sikuambii uache riwaya za upelelezi. Bado nazisoma, siku hizi bila kuzificha ndani ya majarida ya chuo kikuu. Zilinifundisha kuona, na wengi hawaoni. Lakini anayezisoma hizo tu hujikuta anaishi katika mji wa wezi, na mwizi wa kwanza huwa yule aliye karibu. Soma pia kitabu kinachokuonyesha jinsi mkono unavyofanya kazi, ukikumbuka kutazama upande wa nyuma, penye mafundo. Na ukifika kwenye kile kizito, cha watu waliokufa zamani katika nchi usiyoijua, ukahisi mkono unataka kugeuza kurasa mbili kwa mpigo, simama hapo hapo. Mara nyingi uvivu unajua mahali panapokuhusu kuliko wewe.

Na la mwisho. Mtu unayempenda akikuambia jambo la ajabu, kabla hujamwita mwongo, jiulize kwanza kama si wewe ambaye hujasoma vya kutosha.

Mungu akupe macho ya kuona na adabu ya kungoja. Akupe vitabu visivyofanana. Akupe radhi ya wazazi hata siku usiyoistahili, kama mimi nilivyopewa. Amina.

Simu ililia alasiri. Bwana Albert akaikamata kabla haijalia mara ya pili. Baba, aliyeitwa kutoka bustanini, alikuwa amesimama karibu na majora ya kitambaa, kofia mkononi kama ilivyompasa mtu mweusi ndani ya duka. Bwana Albert akasema, akasikiliza, akasema tena. "Ndiyo, mjomba. Kando ya kaburi la marehemu mkeo. Ndiyo. Gari lilikuwa mbele." Mimi nilikuwa nyuma ya bustani, nikakumbuka. Gari lililompeleka Bwana Nissim makaburini lilikuwa mbele, na mimi nilikuwa nyuma. Kisha akaninyoshea mkonga wa simu bila kunitazama.

Sikuwahi kushika simu. Niliishika juu chini, akanigeuzia.

"Mutoto," sauti ya Bwana Nissim ikasema, mbali sana, ikikaangika kama mafuta. "Nani aliniambia ile kitambaa imekufa?"

"Mimi, Bwana."

"Njo weye. Basi tukaizika, pale kwa madamu. Baba yako aliimba wimbo ya kanisa yenu. Nilimuacha aimbe. Ilikuwa muzuri. Na ile ukurasa, uliiruka?"

"Niliiruka, Bwana."

"Nilijua. Miye macho ilikufa, masikio hapana. Iko nayo hapo?"

"Ninayo."

"Isome."

Nikakifungua kitabu juu ya meza ya kupimia kitambaa, nikasoma, polepole, bila kuruka hata nukta. Bwana Albert alisimama akisikiliza. Hakuna aliyetukatia laini. Na kabla sijafika mwisho wa ukurasa, nikaona kwa pembe ya jicho baba yangu, mle mle ndani ya duka, akivaa kofia yake.